Mawe Meupe ya Mbuini

Nilitumwa Mbuini kwa sababu gambuti za mradi zilikuwa saizi yangu. Mkuu wetu, Bi. Wanjala, alisema pia kwamba nina shahada ya elimu ya wanyama na kwamba umefika wakati wa mimi kutoka ofisini na kufanya kazi peke yangu, lakini hayo aliyasema baada ya mimi kuzivaa, kutembea nazo hadi dirishani na kurudi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mradi wetu ulikuwa umepanga vyumba viwili Athi River, juu ya duka la vyuma, na kazi yake ilikuwa kupima mito inayopita karibu na machimbo. Mashine ya kupimia ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tulipima kwa wadudu. Chini ya mawe ya mtoni anaishi mdudu mmoja mwenye mikia mitatu myembamba kama nywele. Maji yakichafuka kidogo, anakufa. Katika tope la mto huohuo anaishi mnyoo mwekundu ambaye hajali chochote. Unachota juu ya machimbo, unachota tena chini yake, unalinganisha. Ukiona mikia mitatu juu na minyoo tu chini, umejua nani ameharibu mto. Hiyo ndiyo elimu yote. Mimi ilinichukua miaka minne.

Mbuini ni kijito kinachoteremka kutoka vilima vya upande wa Kathiani, na hakikauki hata kiangazi. Katikati yake kulikuwa na machimbo ya mawe yenye mashine ya kusaga kokoto, na kokoto hiyo ilioshwa kwa maji ya kijito. Sasa mwenye machimbo alitaka kuvuka ng'ambo na kuchimba pande zote mbili. Kikundi cha wanawake wa pale kikaandika barua ya kupinga. Ofisa wa tarafa akasema atasikiliza kila upande kwenye baraza la Jumatano, na kwamba angetaka kuona vipimo. Vipimo vikionyesha madhara, machimbo hayavuki. Visipoonyesha, yanavuka. Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa ndani ya gambuti zangu.

Wiki mbili kabla ya safari niliwaandikia wale wanawake barua ya kuwaandaa, nisije nikawashtua. Ilifika kurasa nne. Nilichora ramani nikaonyesha kituo cha kwanza, juu ya machimbo, na kituo cha pili, chini yake. Nilieleza upana wa wavu, rangi ya wavu, na kwa nini ningekanyaga mawe kwa dakika tatu huku nimeshika saa. Nilipoisoma tena niliona imekamilika.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilisimama nje ya duka la vyuma nikiwa na ndoo mbili, wavu, begi na kichupa cha kioo chenye wadudu waliohifadhiwa kwa spiriti. Wadudu hao walitoka mto mwingine kabisa, nami niliwabeba ili niwe na cha kufananishia, maana niliogopa kufika mtoni na kusahau mkia unafananaje. Pikapu ya mradi ilikuwa gereji. Bi. Wanjala alikuwa ameniombea nafasi kwenye lori.

Lori lenyewe lilikuwa la kubeba kokoto, na kokoto hiyo lilikuwa linaifuata Mbuini. Nilikuwa nasafiri kwenda kuchunguza machimbo kwa gari la machimbo. Kutoka Athi River hadi njia panda ya Machakos nilifikiria kama huo ulikuwa upendeleo, na kama ni upendeleo, ulikuwa wa kuelekea upande gani. Dereva aliitwa Musembi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso shingoni.

"Sasa wewe unaenda kufanya nini huko?" aliniuliza.

Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu, nikachagua lile lenye ukweli mwingi na maneno machache. "Naenda kuangalia wadudu."

"Aaa! Wadudu!" Alifurahi sana. "Hata kwangu wako. Wamemaliza mahindi yote ya ghala, wameacha unga tu. Nikuulize, daktari: ile dawa ya unga na ile ya maji, gani inaua?"

Nilimwambia kwamba mimi ni mtaalamu wa wadudu wa mtoni, na nia yangu ni waishi. Akanitazama muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa kumtazama mtu.

"Waishi," akasema. "Haya."

Machakos mjini tulisimama tukanywa chai. Baada ya hapo barabara inapanda, vilima vinakaribia kutoka pande zote mbili, na kila shamba limekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, hadi karibu na kilele. Sisi wa Taita tumezoea milima, lakini milima yetu imevaa ukungu na miti. Hii ilikuwa mikavu, na mtu alikuwa ameipiga pasi. Musembi aliniambia kwamba matuta yale yalichimbwa kwa mkono, na kazi ilifanywa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaokutana siku moja kumaliza kazi ya mmoja wao, halafu ya mwingine.

"Mwethya wakiamua kitu," alisema, "hata usipotaka, kitafanyika."

Ningepaswa kulitafakari neno hilo. Ninatafakari karibu kila kitu, lakini hilo lilinipita.

Saa tano kasorobo tuliacha lami, na nusu saa baadaye akanishusha kwenye njia ya miguu, mbele kidogo ya machimbo. Njia ilikuwa imefagiwa. Sisemi njia ya kuingia nyumbani kwa mtu. Njia yote, kilomita nzima, hadi kwa mwenyeji wangu Mama Ndunge, mwenyekiti wa kikundi, ilikuwa na alama za fagio. Niliona aibu kuikanyaga nikatembea kandokando.

Uani walinisubiri wanawake zaidi ya ishirini, baadhi yao wakiwa na sare za kanisa. Mama Ndunge alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, na alizungumza kama mtu anayehesabu ng'ombe.

"Wakya, mwanangu," akanisalimu.

"Aa," nikajibu, kwa kuwa Musembi alikuwa amenifundisha.

Wanawake wakapiga makofi. Tukaomba. Nikatia sahihi kitabu cha wageni, nikiwa mgeni wa tatu tangu kinunuliwe. Wakanipa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na paja zima la kuku. Nilijaribu kueleza kwamba mimi si daktari, kwamba nina shahada ya kwanza tu.

"Ya kwanza!" Mama Ndunge aliwatangazia wenzake. "Amekuwa wa kwanza."

Saa nane mchana nilianza kazi. Kanuni inataka shahidi, na shahidi alikuwa meneja wa machimbo, Bwana Simon, kijana aliyenizidi miaka michache, mwenye viatu vya ngozi vinavyong'aa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ila alinibebea ndoo.

Mtu huanza chini na kupanda, ili asitibue maji ambayo bado hajayapima. Kituo cha pili, chini ya machimbo, maji yalikuwa ya kijivu, mazito kama uji wa mgonjwa. Vumbi la mawe lilikuwa limetanda juu ya kila kitu na kuziba nafasi zote chini ya mawe. Nilikanyaga dakika tatu. Nikamimina wavu kwenye sinia nyeupe. Minyoo wekundu, na mbu mchanga mmoja aliyeonekana kujutia uamuzi wake. Mikia mitatu hakuna. Bwana Simon alitia sahihi.

Tukapanda kituo cha kwanza. Maji huku yalikuwa maangavu, na kandokando, pande zote mbili, mawe yalikuwa yamepangwa kwa mstari yakapakwa chokaa nyeupe, kama mawe ya njia ya ofisi ya chifu siku anapotarajiwa mkubwa. Nilidhani ni mpaka wa shamba la mtu nadhifu. Nikaingia majini, nikakanyaga dakika tatu, nikamimina.

Sinia ilikuwa nyeupe kabisa. Hakukuwa na mikia mitatu. Hakukuwa na minyoo. Palikuwa na jani moja.

Nilirudia, nikabadilisha mguu. Nikageuza mawe kwa mkono: yalikuwa safi, hayana utelezi, hayana hata kijani chochote. Nikajiuliza kama nimesahau kufunga wavu kwa nyuma. Ulikuwa umefungwa. Nikajiuliza kama nimeshika ramani kichwa chini. Bwana Simon alichungulia sinia, kisha akanitazama.

"Kwa hivyo huku juu ni kama kule chini," akasema. "Hakuna wa mikia mitatu."

"Inaonekana hivyo," nikasema.

"Basi tatizo si sisi. Ni mto tu ndio haupendi wadudu." Hakucheka. Alitia sahihi, akapangusa viatu vyake kwa majani, akaaga.

Mama Ndunge alikuwa amesimama juu ya ukingo muda wote, amekunja mikono, anatabasamu. "Umeona palivyo?" akaniuliza.

Jua likiwa linashuka tulikaa jikoni kwake, yeye akichambua maharagwe. Nilimuuliza, kwa njia ya kuzunguka, kama mwenye yale mawe meupe hukaa karibu.

"Ni sisi," alisema. "Mwethya. Tulipata barua yako, tukafuata ramani mpaka mahali pale, tukaona: ai, mgeni anatoka mbali kuja kuangalia hapa, na hapa ni pachafu. Majani imejaa. Mawe iko na utelezi, mtu anaweza kuanguka. Jumamosi tukakuja wote. Tulitoa kila jiwe, tukasugua na mchanga na brashi, tukarudisha. Chokaa tukapaka ile ya kando, na ile ilibaki tukamwaga humo ndani, ndio maji ikae safi." Akatupa jiwe dogo lililokuwa katikati ya maharagwe. "Ulifurahi?"

Nilisema nimefurahi sana. Sikumbuki nilichokula baadaye.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, niliamka nikakaa kitandani na fomu magotini. Ukweli wa fomu ulikuwa huu: juu hakuna mikia mitatu, chini hakuna mikia mitatu, hakuna tofauti, machimbo yavuke. Ukweli wa mto ulikuwa mwingine, lakini mto hauwezi kutia sahihi. Wadudu wangerudi kwenye yale mawe baada ya wiki nyingi. Baraza lilikuwa kesho.

Kisha nikakiona kichupa. Kilikuwa juu ya begi, na ndani yake, katika spiriti, walilala wadudu wa mikia mitatu wazuri sana, kumi na wawili, wa mto mwingine. Shahidi alikuwa ametia sahihi, lakini ningeweza kusema nimerudia asubuhi. Nani angewajua kwa sura? Nilikifungua. Nilifikiria wanawake ishirini wakisugua mawe Jumamosi nzima. Nilifikiria kwamba kusema uongo kwa ajili ya ukweli ni karibu sawa na kusema ukweli. Nikafikiria tena neno "karibu". Halafu nikafikiria Bwana Simon akiniuliza kwa nini wadudu wa Mbuini wananukia spiriti, nikakifunga. Napenda kuamini kwamba ningekifunga hata bila ya hilo la mwisho.

Nilimkuta Mama Ndunge uani, anafagia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba wale wadudu hukaa katika utelezi uleule, kwamba majani ndiyo chakula chao, kwamba brashi iliwasomba na chokaa ikawamaliza waliobaki.

Fagio ilisimama.

"Hao wadudu ndio ulikuja kuangalia?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tuliwafagia."

"Ndiyo."

"Mbona hukuandika?" Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ipande. "Uliandika karatasi nne. Uliandika mpaka rangi ya wavu! Hukuweza kuandika, mama, musiguse?"

Nilimwambia kwamba haikunijia akilini kuwa kuna watu wanaoweza kuosha mto.

"Sasa umetujua," akasema, akaweka fagio chini. Akakaa juu ya kinu kilicholala. Akafukuza kuku waliokuja kutuzunguka, kisha akauliza, "Mahali pengine huko juu haifai? Pale hatukuosha?"

"Pakiwa na mawe na maji yaleyale, panafaa. Lakini mlisafisha hadi wapi?"

"Mpaka kwa Mulwa na Nzioka. Pale hatuwezi kupita. Pale hakuna mtu anaweka mguu."

Nikaelezwa. Mzee Mulwa na Mzee Nzioka ni watoto wa ndugu wawili. Kijito kilikuwa mpaka wa mashamba yao, kisha mwaka mmoja wa mvua kikahama hatua chache. Mmoja anasema mpaka umehama nacho, mwenzake anasema umebaki pale ulipokuwa. Kesi iko Machakos kwa miaka mingi, na hadi iishe hakuna anayeruhusiwa kukata hata jani ukingoni. Wala hawajasalimiana tangu hapo, isipokuwa kupitia watu wengine. Ng'ombe hawanywi pale, na hakuna anayefua wala anayevuka.

Niliuliza kama pana mawe. Mama Ndunge alisema mawe ndiyo yanayogombaniwa.

Saa nne asubuhi tulikuwa pale: Mama Ndunge, Bwana Simon aliyeitwa kushuhudia, na wale wazee wawili, kila mmoja ukingoni kwake na fimbo yake. Ruhusa walitoa wote, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameambiwa kwamba mwenzake ameshakubali. Tatizo lilikuwa njia. Nikiingia kwa upande wa Mulwa, Nzioka angesema nimemtambua Mulwa. Nikiingia kwa Nzioka, vivyo hivyo. Iliamuliwa niingie majini chini kabisa, nje ya mashamba yao, nipande katikati ya kijito bila kugusa ukingo. Na shahidi afanye hivyohivyo.

Bwana Simon alitazama viatu vyake.

"Mimi naweza kuona nikiwa hapa," akasema.

"Hapa ni kwa nani?" Mzee Nzioka akauliza.

Bwana Simon alivua viatu akaingia.

Tulipanda mita mia hivi, maji yakimfika magotini na kujaa ndani ya gambuti zangu. Nilipoanza kukanyaga, Mzee Mulwa alimgeukia Mama Ndunge. "Mwambie huyo mwingine kwamba kijana anakanyaga mawe yangu."

"Mwambie," akasema Mzee Nzioka, "tutaona korti ikisema ni mawe ya nani."

"Na hao wadudu ni wa nani?" Mzee Mulwa akaniuliza mimi moja kwa moja.

Niliendelea kukanyaga. "Ni wa serikali," nikasema.

Wote wawili wakatikisa kichwa kwa masikitiko. Nadhani lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana kwa miaka mingi.

Nikamimina wavu. Sinia ilianza kutembea. Walikuwa wa mikia mitatu, wakubwa kwa wadogo, wakikimbia pembeni kutafuta kivuli, pamoja na wengine ambao sikuwa nimewaona tangu mtihani wa mwisho. Nilihesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Bwana Simon aliinama karibu sana, suruali imekunjwa, miguu imesinyaa kwa baridi.

"Hawa ndio wenyewe?"

"Hawa ndio wenyewe."

Alitazama muda mrefu. Kisha akasema, bila ubaya, "Lakini kituo hiki hakikuwa kwenye ramani," akaandika hivyohivyo kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Alikuwa na haki. Nami mchana ule niliandika ripoti yenye vituo vitatu, na chini ya kituo cha kwanza nikaandika: sampuli haifai, kituo kilisafishwa kabla ya kupimwa, kosa ni la mwandishi ambaye hakutoa maelekezo. Niliandika sentensi hiyo mara nane. Sikupata namna ya kuifanya isiwe yangu.

Jumatano, saa nne, baraza lilifunguliwa kwa sala mbele ya ofisi ya chifu. Ofisa wa tarafa alikuwa mtu mchovu, mwenye kofia, na alisoma ripoti yangu kwa sauti, akaimaliza, akairudia sehemu ya kituo cha kwanza.

Bwana Simon alisimama. "Mheshimiwa, mtaalamu mwenyewe amekubali kituo kilichopangwa kiliharibiwa. Hiki kingine kimechaguliwa jana, baada ya watu kuona majibu. Naomba vipimo hivi viwekwe kando."

Ofisa alinigeukia. Nilisimama. Nikasema ni kweli, kiliharibiwa, na lawama ni yangu.

"Nani alikiharibu?" ofisa akauliza.

Katika kurasa zangu zote, hapo ndipo pekee sikuwa nimeandika jina. Nilikuwa bado natafuta sentensi Mama Ndunge alipoinuka kutoka katikati ya sare za kanisa.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mimi na hawa wamama."

Palizuka kicheko nyuma. Mtu mmoja akasema, "Mlikuwa mnaoshea samaki vyombo?" Mama Ndunge alingoja kiishe.

"Cheka tu. Tuliosha mawe siku moja. Jumamosi moja, na brashi na chokaa kidogo. Hatukujua. Na huyu kijana amekuja akakuta wadudu wote wamekufa, hata mmoja hajabaki. Ndio hiyo imeandikwa hapo." Akamnyooshea kidole Bwana Simon, kwa upole, kama anayemwonyesha mtoto njia. "Sasa huyu kijana wangu mwingine, yeye anaosha mawe kila siku. Kila siku, isipokuwa Jumapili. Na mashine. Kama sisi tumeua mto kwa siku moja, yeye amefanya nini?"

Hakuna aliyecheka.

"Sisi tumeacha," akamalizia. "Huyu daktari arudi baada ya mwezi mbili, aangalie kwetu kama wamerudi. Na yeye pia aache mwezi mbili, tuone kwake."

Alikaa. Nilikuwa na shahada na vituo vitatu, na katika siku mbili za kuwaza sikuwa nimeliona hilo: kwamba kosa letu lilikuwa kipimo kizuri kuliko vyote nilivyochukua.

Ofisa alishauriana na chifu. Akaamua kwamba machimbo hayatavuka ng'ambo hadi vipimo virudiwe baada ya miezi miwili. Kuacha kuosha hakukuamriwa. Bwana Simon alisema hawawezi kuacha, kuna watu wanasubiri kokoto, na ofisa akaandika kwamba hawawezi.

Alhamisi nilirudi kwa lori lilelile. Nyuma yetu kulikuwa na mzigo mzima wa kokoto iliyooshwa vizuri. Musembi aliniuliza kama wadudu waliishi.

"Wengine," nikasema.

"Basi si kazi mbaya," akasema, na hadi Athi River tukazungumza kuhusu ghala lake.

Miezi miwili ilipita, nami niliwaandikia tena. Safari hii nilijizuia. Niliandika: "Nitakuja Jumanne. Tafadhali msifanye chochote." Nilifunga bahasha kabla sijaanza kuongeza.

Jumanne hiyo njia haikuwa imefagiwa. Majani, mavi ya mbuzi, maganda ya mahindi, vyote vilikuwa mahali pake. Uani hapakuwa na mtu wala moshi. Mama Ndunge alikuwa amekaa juu ya kinu, mikono magotini.

"Wakya, mama."

"Aa." Hakuinuka.

"Mko salama?"

"Tuko salama. Hatujafanya chochote. Hata chai hatujapika."

Nikatazama uso wake kutafuta mzaha. Kama ulikuwapo, ulikuwa umefichwa vizuri. Akachukua fimbo, akatangulia kuelekea mtoni.

Bwana Simon alitungoja akiwa na gambuti zake mwenyewe, mpya. Chini ya machimbo tulipata minyoo wekundu, kama mara ya kwanza. Alitia sahihi mwenyewe bila kuombwa. Tukapanda. Kwenye kituo cha kwanza chokaa ilikuwa imeanza kubanduka, na mawe ndani ya maji yalikuwa yamerudi kuteleza hata nikakaribia kuanguka. Nilikanyaga dakika tatu, nikamimina, sikuthubutu kutazama. Nikajifanya nasoma saa.

"Wawili," akasema Bwana Simon. Kisha akasema, "Ngoja. Watano. Kuna mwingine hapa."

Walikuwa wadogo sana, kila mmoja na mikia yake mitatu. Mama Ndunge alishuka hadi ukingoni, akainamia sinia kwa mara ya kwanza, akawaangalia kama mtu anayekagua wageni waliochelewa.

"Ndio hao tu?" akasema. "Wadogo hivi?"

"Ndio hao, mama."

Ripoti hiyo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na machimbo hayakuvuka. Bado yanaosha kokoto upande wao, na sehemu ya chini bado ni ya kijivu, kwa hiyo siwezi kusema tuliokoa mto. Tuliokoa upande mmoja wake. Nilichojifunza ni kidogo pia: mimi huwaza mambo yote yanayoweza kuharibika kwa mikono yangu, na kusahau kwamba watu wengine nao wana mikono, tena yenye bidii. Siku hizi, kabla ya kuandika nitakachofanya mimi, huuliza kwanza wao hufanya nini mgeni akija.

Tulipomaliza kuhesabu, niliinua sinia ili nimwage kila kitu ndani ya ndoo ya spiriti, kama kanuni inavyotaka. Mama Ndunge aliweka fimbo yake juu ya ndoo.

"Umeshahesabu?"

"Nimeshahesabu."

"Na huyu ametia sahihi?"

Bwana Simon akaonyesha fomu.

"Basi warudishe," akasema. "Halafu twende nikapike chai."